Kila Kazi na Mlango Wake

9 Januari

Kwa mpwa wangu, Bi Kwanini,

Leo natimiza miaka thelathini na mmoja tangu nilipofunga mlango wa nyumba yetu na kumwambia mama yako kwamba nitarudi baada ya wiki mbili. Kila mwaka huandika tarehe hii juu ya ukurasa, kisha nakosa la kuandika chini yake. Mwaka huu umenipa la kuandika: umepata kazi. Nilipopata habari nilisimama jikoni nikapiga makofi peke yangu mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nikampigia na yeye makofi mawili kupitia sakafu, asijisikie ameachwa.

Nimekujua kwa sauti tu, tangu ulipokuwa na miaka mitatu ukiniuliza kwenye simu kwa nini maji ya baridi hayatoi moshi, na kwa nini mjomba hana uso. Ndipo nikakupa jina hilo, likakuganda mpaka leo. Sasa nataka tuandikiane. Kwenye simu tunaulizana hali, tunajibizana kuwa hali ni nzuri, kisha mmoja wetu anapiga miayo. Barua haimkatizi mtu. Tuma kwa kompyuta ukipenda, lakini weka tarehe juu na jina chini, kama mtu aliyelelewa.

Niambie kazi yenyewe. Usiniandikie kwamba “niko kwenye mambo ya kompyuta”. Hivyo ndivyo watu wanavyowaambia wajomba wasiojua kitu. Nimezeekea katika chumba cha kompyuta cha maktaba ya chuo. Najua seva iliyopata joto inavyonuka.

Dada ameniambia kwamba chumba cha chini kimepakwa rangi tena. Mwambie nimefurahi, na kwamba mambo yakikaa sawa, tutaona.

Mjomba wako

*

21 Januari

Mjomba, shikamoo.

Tarehe nimeweka juu, usije ukasema sikulelewa.

Ofisini kwetu tunatengeneza programu za zahanati: ya mapokezi, ya maabara, ya stoo ya dawa, ya chanjo, na nyingine nyingi. Kila mmoja wetu anapobadilisha kitu, hata herufi, programu lazima zijengwe upya na kujaribiwa, tena kwa kila aina ya mashine, maana zahanati moja ina kompyuta mpya na nyingine ina kompyuta iliyozaliwa kabla yangu. Hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo. Inafanywa na mfumo tunaouita Mnyapara.

Mnyapara hajengi chochote kabla ya kufanya tathmini. Anasoma maelezo ya kila kazi, na ni maelfu, kisha anaamua: hii imeguswa, ijengwe, hii haijaguswa, iachwe, hii inategemea ile, ingoje. Akimaliza ndipo anagawa kazi kwa mashine. Tathmini ikifa katikati, siku imekwisha. Hakijengwi kitu, na zahanati hazipati marekebisho.

Na tathmini ikifa, jina la mtu linatokea kwenye skrini kubwa ukutani. Mwenye jina anavaa taji. Ni kofia ngumu ya manjano ya mafundi ujenzi, ina ufa upande mmoja na jasho la watu wote waliopita. Unaivaa mpaka mwingine aharibu. Jamaa anayekaa meza iliyo jirani na yangu, mimi namwita Jirani, akimwona mwenye taji anasimama na kupiga saluti: “Shikamoo mfalme! Leo umetuulia zahanati ngapi?”

Sasa Mjomba, kuna mwenzangu mmoja, mgeni kazini kama mimi. Taji limemganda. Anakagua kazi yake mara mbili, mara tatu, akiijaribu kwenye mashine yake inapita vizuri, lakini akiikabidhi tu kwa Mnyapara tathmini inakufa na jina lake linatokea. Yuko kwenye miezi ya majaribio, inaisha mwisho wa Aprili. Bosi, ambaye si mama mbaya, amemwita na kumwambia wazi: mtu anayeangusha tathmini kila siku hathibitishwi. Mwenzangu anaipenda sana kazi hii. Ungekuwa wewe ungemshauri nini?

Mnyapara aliundwa na Shemeji. Ni shemeji wa Bosi, ila sasa hata mfagiaji anamwita hivyo. Ukimuuliza chochote anajibu, “Mnyapara hana kosa. Makosa mnayo nyinyi.”

Mama anauliza: utarudi mwisho wa mwaka huu, au?

Mpwa wako,
Kwanini

*

2 Februari

Bi Kwanini, marahaba.

Mpe pole mwenzako. Mwambie kwanza aache kukagua kazi yake mara tatu. Mara moja inatosha. Zilizobaki ni hofu.

Pili, mwulize mambo mawili. Tathmini inapokufa, Mnyapara anasema nini kimeharibika, au anataja jina tu na kunyamaza? Na anaposoma hayo maelfu ya maelezo, anasoma ya kazi moja, anayaweka chini, anashika ya nyingine? Au anayabeba yote kichwani kwa mpigo mmoja mpaka afike mwisho?

Nauliza kwa sababu maktabani kwetu rafu iliwahi kuanguka, rafu nzima ya historia. Msimamizi alikimbia akamkuta mwanafunzi mmoja amesimama pale mkono hewani, akamfokea mbele za watu. Kosa la yule kijana lilikuwa kwamba ameweka kitabu cha mwisho. Tena kilikuwa kijitabu cha mashairi, chembamba kama kipande cha mkate wa mgonjwa, na hata hakikustahili kuwekwa rafu ile. Misumari ilikuwa imelegea miaka mingi. Lakini misumari haikuwa na jina, na kijana alikuwa nalo.

Huyo mwenzako, naona, anauliza maswali kwa mtindo ninaoufahamu.

Mwambie dada kwamba mwisho wa mwaka ni mbali.

Mjomba wako

*

5 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mwenzangu ni mimi. Ulijua.

Nakuandikia nikiwa na taji kichwani. Limenibana hata kufikiri nashindwa.

Majibu: anasema “Tathmini imekufa”, anataja jina, basi. Na ndiyo, anabeba yote kichwani. Shemeji anajisifia hilo hasa. “Anasoma zote kwa pumzi moja,” anasema, kana kwamba ni mpiga mbizi. Nimeangalia kumbukumbu ya seva: inapanda, inapanda, ikijaa mfumo mzima unaua tathmini. Lakini mbona haijai kwa Jirani? Mbona ni mimi?

Tafadhali usimwambie Mama. Anatangaza mtaa mzima kwamba mimi ndiye ninayeendesha zahanati zote.

Kwanini

*

11 Februari

Mpwa wangu,

Naomba nibahatishe. Wenzako wanaingiza kazi zao muda wowote wanaojisikia. Wewe unangoja. Unangoja huyu amalize, na yule amalize, ili usiwasumbue, usije ukawachelewesha. Wote wakishaingia, ndipo unaingiza yako, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nimekosea?

Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Tukialikwa kwa watu alikuwa anasimama mlangoni anampisha kila mtu: wazee, wageni wengine, hata watoto wa mwenye nyumba waliokuwa wanatoka na kuingia kwa kucheza. Siku moja alipisha mpaka mlango ukafungwa. Sisi tulikuwa ndani tunakula, yeye yuko nje na viatu vyetu. Alipoulizwa kwa nini hakubisha hodi akasema, “Nilisikia mnaongea, sikutaka kuwakatiza.”

Ukiwa wa mwisho kila siku, basi wewe ndiye mwenye mkono hewani rafu inapoanguka. Mnyapara hakutaji kwa sababu umekosa. Anakutaja kwa sababu umesimama karibu.

Jaribu hivi: wiki nzima, ingia wa kwanza. Usimpishe mtu. Najua kwa tabia yenu hilo ni zito kuliko kuandika programu. Fanya hivyo hivyo.

Mjomba wako

*

1 Machi

Mjomba! Shikamoo, tena shikamoo!

Jumatatu niliingia wa kwanza. Nilijisikia kama nimemsukuma bibi kizee. Mchana tathmini ikafa, sote tukageukia ukuta, na jina lililotokea lilikuwa la Jirani.

“Mimi?” akasema. “Mimi nimebadilisha rangi ya kitufe! Kilikuwa kijani, nimekifanya bluu! Bluu inaua?”

Nikasimama, nikavua taji, nikamvika kwa mikono miwili. “Shikamoo mfalme,” nikamwambia. “Leo umetuulia zahanati ngapi?” Ofisi nzima iliangua kicheko.

Jumanne likamwangukia dada anayeandika programu ya maabara. Jumatano haikufa. Alhamisi, Mjomba, Alhamisi ilikuwa zamu ya Bosi. Alikuwa ameingiza marekebisho ya koma moja kwenye maneno ya kukaribisha wagonjwa. Koma! Akavaa taji, maana sheria ni sheria, akaingia nalo kikaoni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Shemeji akaanza, “Mnyapara hana kosa…”

“Shemeji,” Bosi akasema, “maneno hayo naomba uyaseme ukinitazama.”

Akamtazama, na kofia ile ya manjano yenye ufa. Akafunga kompyuta yake.

Ndipo nikainua mkono, nikaeleza yote: kujaa kwa kumbukumbu, mtu wa mwisho, rafu yako na kijitabu cha mashairi. Nikaomba nimtengeneze upya Mnyapara, sehemu ya tathmini.

“Akimvunja?” Shemeji akauliza.

“Akimvunja,” Bosi akasema, “wataondoka pamoja.” Kisha akanigeukia mimi. “Jaribu. Lakini mwisho wa Aprili hausogei. Mpaka siku hiyo nataka tathmini inayosema ukweli, la sivyo sina cha kuandika kwenye barua yako.”

Nimefurahi na nimeogopa, kwa wakati mmoja. Nianzie wapi?

Mama amenunua shuka mpya za chumba chako. Anasema za zamani zimepauka kwa kukaa tu.

Kwanini

*

9 Machi

Wewe mtoto!

Nimesoma barua yako kwa sauti kwa wajukuu zangu. Hawakielewi Kiswahili hata neno, lakini walicheka pale nilipocheka, na nilipowatafsiria, mdogo akataka kujua bei ya kofia kama hiyo.

Anzia hapa. Kila kazi ipewe chumba chake na mlango wake. Isomwe humo peke yake, ipewe kumbukumbu ya kuitosha na isiyozidi. Ikiwa ni mbovu, ife humo humo, na jina linaloandikwa mlangoni liwe lake na sababu yake, siyo la mpita njia. Za jirani ziendelee na maisha yao.

Mengine utayaona ukifika. Sitaki kukunyang’anya raha ya kuyaona.

Shuka mpya, mwambie dada ahsante. Mambo bado hayajakaa sawa.

Mjomba wako

*

10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimemvunja.

Nilifanya ulivyosema. Kila kazi chumba chake. Kwenye mashine yangu, kwa kazi chache, ilienda kama maji. Leo nikaiwasha kwa zote. Maelfu ya vyumba yalifunguka kwa wakati mmoja, kila kimoja kikadai kumbukumbu yake, na seva haikuua tathmini tu, ililala yenyewe ikaangusha kila kitu. Skrini ya ukutani ikawa nyeusi. Hata jina haikuandika. Watu walikaa mikono mapajani mpaka jioni.

Shemeji alirudisha Mnyapara wa zamani. Hakunisema hata neno. Angenitukana ningejisikia nafuu. Alipomaliza aliniwekea taji mezani, taratibu, hakunivika, akaenda kwake.

Wiki mbili na kitu zimebaki. Bosi hanitazami. Jirani ameacha utani, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nyumbani nako si kuzuri. Mama amejikwaa tena ngazini akipanda kulala, goti limevimba kama papai, na anasema ni mbu. Usimwambie nimekwambia.

Kwanini

*

11 Aprili

Mpwa wangu,

Hujamvunja. Umemjulisha mipaka yake, na huo ni mwanzo wa tathmini yoyote.

Vyumba vingi si kosa. Kosa ni kufungua milango yote kwa mpigo. Weka bawabu. Waingie wachache, kadiri seva inavyoweza kubeba bila kutoka jasho. Anayetoka ndiye anayempisha anayeingia. Hapa sasa, na hapa tu, tumia ustaarabu wa mama yako.

La pili. Kwa nini unasoma upya kazi ambayo haijaguswa? Maktabani hatukuhesabu vitabu vyote kila asubuhi. Tulihesabu rafu zilizoguswa jana; nyingine tuliamini hesabu iliyopita. Mwache Mnyapara akumbuke majibu yake ya jana, na aulize upya pale tu swali lilipobadilika. Utashangaa kazi itakavyopungua.

La tatu. Nenda kwa Shemeji. Mtu aliyerudisha kitu chake mahali pake bila kukusema ni mtu anayengoja kuombwa. Yeye ndiye anayejua ni ipi inategemea ipi. Mwombe.

Sasa jambo ambalo si la kompyuta, na hili nataka ulijibu bila kuzunguka. Kwa nini dada yangu anapanda ngazi kwenda kulala, na goti hilo, wakati chini kuna chumba?

Mjomba wako

*

28 Aprili

Mjomba mpendwa, shikamoo, keti kwanza.

Nilikwenda kwa Shemeji. Nikasimama karibu na meza yake, nikapisha watu wawili kabla yangu (nisamehe), kisha nikamwambia, “Shemeji, naomba unisaidie. Peke yangu siwezi.”

Akavua miwani. “Nilikuwa nangoja uje.”

“Nilikuwa nakuogopa.”

“Na mimi namwogopa Mnyapara,” akasema. “Unadhani kwa nini sitaki mtu amguse? Nilimwandika nikiwa na kazi kumi na tano za kusoma. Sasa angalia alivyonenepa.” Akavuta kiti cha pili.

Tukaweka bawabu. Tukamfundisha Mnyapara kukumbuka majibu ya jana. Shemeji alikuwa anajua kila uzi ulipofungwa. Mimi nilikuwa nauliza kwa nini umefungwa hapo. Kuna siku tuligombana juu ya neno moja la ujumbe mpaka Bosi akaja kutuuliza kama tuna nyumba. Ijumaa tukaiwasha.

Mjomba, nilikuwa nimezoea tathmini inayoanza asubuhi na kufa mchana. Bosi alijimiminia chai akasema atarudi kuona. Hakurudi, kwa sababu hakuondoka. Chai ilikuwa bado inatoa moshi mkononi mwake wakati skrini ilipoandika: Tathmini imekamilika. Dada wa maabara akanong’ona, “Imekufa?” Jirani akamjibu, “Imekamilika. Soma! Imekamilika!” akapanda juu ya kiti.

Chini yake zikatokea kazi zilizo mbovu kweli, kila moja na mlango wake na sababu yake. Zilikuwa saba, zimejificha miaka yote nyuma ya majina ya watu waliosimama karibu. Tatu za Shemeji. Na ya tano kutoka juu ilisema hivi: “Stoo ya dawa, kwa mashine za zamani. Inaita faili lisilokuwepo. Mwandishi: Kwanini.”

Lilikuwa kosa langu. Langu kabisa, halisi, na nililiona lilipo mara tu niliposoma. Unajua nilifanya nini? Nilipiga kigelegele. Nikalichukua taji nikajivika mwenyewe, na safari hii halikunibana. Miezi yote nimevaa makosa ya watu, sasa nina la kwangu! Nililirekebisha kwa mstari mmoja, tathmini ikapita tena, mlango wangu ukawa wa kijani, na kazi zote za jirani hazikutikisika hata kidogo.

“Shemeji,” Bosi akasema, “wewe unazo tatu.”

“Basi nileteeni mataji matatu,” Shemeji akajibu, “na kioo.” Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Ana pengo.

Kuna jambo jingine tuliloligundua, na hili ndilo lililoleta simu za pongezi. Mnyapara wa zamani alikuwa na kundi la kazi alizoziandika “inasubiri”. Hakuna aliyezijali, kwa kuwa kusubiri si kufa. Kumbe zilikuwa zinasubiri aina ya mashine tuliyoitupa zamani. Mashine hiyo haipo, haitakuja, lakini hakuna aliyemwambia Mnyapara, naye akaendelea kuitunzia nafasi. Na nyuma ya hizo kulikuwa na nyingine, nzima kabisa, zinazosubiri zinazosubiri. Programu ya chanjo ya zahanati za mbali ilikuwa humo. Miaka yote wauguzi wameambiwa toleo jipya liko njiani, na wao wanaandika majina ya watoto kwa mkono.

Tukaongeza neno jipya: “haitajengwa”. Shemeji alisita. “Neno zito hilo,” akasema. Lakini tulipoliandika tu, tukajua tuelekeze programu ya chanjo ichukue kwingine ilichokuwa inakingoja. Ilijengwa siku ile ile. Muuguzi mmoja alipiga simu akidhani ni utapeli.

Nimethibitishwa. Bosi aliniita, akanipa barua, na chini ya sahihi yake ameandika kwa mkono: Tathmini ni ya kweli. Mama ameitundika ukutani kabla sijaisoma vizuri. Taji limestaafu, limewekewa ua ndani na liko dirishani.

Sasa swali lako. Mama alinikataza, kwa hiyo namwasi kwa sababu umesema nisizunguke. Chumba cha chini ni chako. Ufunguo uko ndani ya kikombe kabatini. Anakifungua kukifagia na kugeuza godoro, kisha anakifunga na kupanda juu na goti lake. Nimemwambia zaidi ya mara moja alale humo. Jibu lake ni moja: “Mwenyewe akija ghafla, nitamwambia nini? Kwamba nilidhani haji?”

Mpwa wako, mfanyakazi rasmi,
Kwanini

*

9 Mei

Kwa mpwa wangu, mfanyakazi rasmi,

Nimepiga makofi tena. Jirani wa chini hakugonga dari. Alipanda ngazi kuja kuuliza kuna nini, nikamweleza habari za Mnyapara kwa lugha yake mpaka akachoka, naye akapiga makofi kwa heshima. Wajukuu nimewanunulia kofia mbili za manjano za kuchezea. Nyumba nzima ni wafalme. Nakusifu, na si kwa sababu u mpwa wangu. Umefanya kitu ambacho watu wengi wenye vyeti virefu hukikwepa: umekifanya chombo kiseme ukweli, kisha ukasimama mbele yake kusikia wako.

Barua yako niliisoma mara kadhaa, na kila mara nilikwama mahali pamoja, pale Shemeji aliposema neno ni zito.

Mimi nimekuwa “inasubiri” miaka thelathini na mmoja. Mwanzoni ilikuwa kweli. Nilikuwa na begi lililofungwa chini ya kitanda. Baadaye begi likaingia kabatini, likaja likabeba nguo za mtoto wa kwanza. Nikaoa hapa. Mke wangu amezikwa hapa, na kila Jumapili natembea mpaka kwake kwa mtaa wenye miti iliyopandwa mwaka niliofika. Sasa inagusana juu. Nahesabu kwa lugha ya huku nisipojiangalia. Wajukuu zangu wananiuliza kwa nini, kama wewe, kwa maneno usiyoyajua. Nilikuwa nikisema “tutaona” nikiamini nampa dada kitu cha kushika. Kumbe nimempa ngazi za kupanda.

Na yeye, mpisha watu, bado amesimama mlangoni na viatu vyangu.

Jumapili nitampigia simu. Nataka asikie kwa sauti yangu, si kwa barua, na nataka wewe uwe umekaa karibu naye. Usimshike mkono mapema, atashtuka. Nikikata simu, utoe ufunguo kwenye kikombe. Mteremshie kitanda chake, si kile changu, maana changu kilikuwa kinalia mtu akigeuka. Kiweke upande wa dirisha. Asubuhi jua linaingia pale na kufika mpaka kwenye mto. Hizo shuka mpya alale yeye. Chumba cha juu uchukue wewe, uweke meza yako, na taji ukiweza kuliazima.

Atalia, kisha atauliza nani atafagia huku juu. Hapo utajua amekubali.

Goti likipona, mje nyinyi. Nauli nimeshaweka kando. Nitawapokea kituoni na hao wafalme wawili, na utaniona kwa mara ya kwanza ana kwa ana, na utauliza kwa nini nimekuwa mfupi hivi. Nina furaha leo, Bi Kwanini, sijui kama inasomeka. Ni furaha ya kuandika tarehe juu na kuwa na la kuandika mpaka chini.

Nyumba ile naipenda, na nyinyi nawapenda, na kwa hiyo nasema wazi ili kila kitu kilichokuwa kikiningoja kiendelee: mimi sitarudi.

Mjomba wako